Risala kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Maisha na Nyimbo za Archie Roach

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu, wazazi na walezi,
Walimu wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunawatambua Wawurundjeri, wenye asili ya ardhi hii ya Melbourne tuliyokusanyika juu yake, na tunatoa heshima zetu kwa wazee wao waliotangulia na walio hai. Tunakushukuru nawe, Mgeni Rasmi, kwa kuitikia wito wetu licha ya majukumu mengi uliyo nayo. Karibu sana mama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu darasa letu liliazimia kusoma maisha ya mtu mmoja wa nchi hii ya Australia tunayoishi, kisha kuyaeleza kwa Kiswahili mbele ya wazazi. Baadhi yetu wazazi tulipendekeza mwanamichezo, kwa kuwa majina ya wanamichezo ndiyo tunayoyasikia kila siku, lakini vijana walimtaka mwimbaji na mtunzi wa nyimbo Archie Roach, na wakashinda kwa hoja. Hoja yao ilikuwa kwamba huyu ni mtu aliyeondolewa kwao akiwa mdogo kiasi cha kutoweza kuikumbuka siku hiyo, na bado akaitungia wimbo ambao nchi nzima haikuweza kuukana. Risala hii ni matunda ya kazi yao, nasi wazazi tumesaidia kuinyoosha lugha tu.

Archie Roach alizaliwa tarehe 8 Januari 1956 huko Mooroopna, kaskazini mwa jimbo hili la Victoria. Mama yake, Nellie, alikuwa wa watu wa Gunditjmara, na baba yake alikuwa Mbundjalung kutoka New South Wales. Familia iliishi Framlingham, makazi yaliyotengwa kwa ajili ya Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, karibu na mji wa Warrnambool. Kabla hajafikia umri wa kuanza shule, maafisa wa serikali walifika hapo wakawachukua yeye na dada zake. Wazazi wao walikuwa hai, na hawakuwa wametenda kosa lolote la kuwanyima haki ya kuwalea. Ilikuwa ni sera: watoto wa wenyeji wa asili waondolewe kwao, walelewe kizungu, wasahau. Uchunguzi wa taifa uliowasilishwa bungeni mwaka 1997 ulieleza kwamba kati ya mwaka 1910 na 1970, baina ya mtoto mmoja kati ya kumi na mmoja kati ya watatu wa wenyeji wa asili alitenganishwa na familia yake kwa nguvu. Watoto hao ndio wanaoitwa Vizazi Vilivyoibwa.

Archie alipelekwa katika kituo cha watoto yatima cha Jeshi la Wokovu, akapitia mikono ya walezi waliomtesa, hatimaye akafikishwa kwa Alex na Dulcie Cox hapa Melbourne, wahamiaji kutoka Uskoti. Vijana wetu walisisitiza jambo hili lisirukwe: walezi hawa walimpenda, na yeye aliwataja kwa heshima hadi mwisho wa maisha yake. Mzee Cox alikuwa na sahani nyingi za santuri, na binti yao Mary alimfundisha mtoto huyo kinanda na gitaa. Muziki wake wa kwanza ulikuwa nyimbo za Kiskoti za sebuleni na tenzi za kanisani. Walezi hao walikuwa wameelezwa kwamba familia yake yote iliteketea kwa moto, nao wakaamini, naye akaamini.

Siku moja, akiwa mwanafunzi wa sekondari, kipaza sauti cha shule kiliita jina la Archibald William Roach. Shuleni alijulikana kama Archie Cox. Alikwenda ofisini, akakabidhiwa barua kutoka kwa dada yake Myrtle, dada ambaye hakujua kuwa yupo. Barua ilimweleza kwamba mama yao alikuwa amefariki, na kwamba ana ndugu. Kwa hiyo katika ukurasa ule ule alipata familia na kufiwa na mama. Haukupita muda mrefu akaondoka nyumbani kwa walezi wake, akiwa na gitaa, kwenda kuwatafuta watu wake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kulala mitaani, pombe na mahabusu. Hatutaieleza kwa urefu, maana wapo wadogo hapa, na mwenyewe ameieleza bila kujipamba katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 2019. Linalotosha kusema ni kwamba huko Sydney, katika baa, alikutana kwa bahati na mmoja wa dada zake, na kwamba huko Adelaide, katika hosteli ya Jeshi la Wokovu, alikutana na msichana aitwaye Ruby Hunter, Mngarrindjeri, ambaye naye alikuwa amechukuliwa kwao akiwa mtoto. Walikuwa bado vijana wadogo. Hawakuachana tena moja kwa moja hadi kifo, ingawa pombe ilikaribia kuwatenganisha, na Ruby ndiye aliyetangulia kuiacha. Walizaa watoto wawili wa kiume na kuwalea wengine wengi wasiokuwa na pa kukaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wimbo wenyewe, “Took the Children Away”, ulianza kwa ushauri wa mzee. Mzee Banjo Clarke wa Framlingham alimtaka Archie atunge wimbo kuhusu siku aliyochukuliwa. Archie akajibu kwamba haikumbuki. Mzee akamwambia kwamba yeye anaikumbuka, akamsimulia. Tunaomba wasikilizaji wetu wazingatie jambo hili, kwa sababu ndilo lililotushughulisha kuliko yote katika darasa letu: wimbo huo umejengwa juu ya ushahidi wa mtu mzima aliyekuwepo. Ndiyo maana hauna kelele. Hautukani. Unasimulia kwa maneno madogo yanayoeleweka na mtoto: maafisa wanakuja na ahadi za elimu na maisha mema, baba anasimama kuwakabili, mama analia, watoto wanaondolewa. Gitaa linapita katika mafungu machache tu ya sauti. Mwanzoni mwimbaji anazungumzia watoto kwa jumla. Baadaye anajiingiza mwenyewe miongoni mwao. Na mwishoni kabisa, pale ambapo mtunzi mwingine angemaliza kwa machozi, yeye anawaleta watoto nyumbani, na anasema kwamba na yeye amerudi. Kwa maoni yetu, ubeti huo wa mwisho ndio uliowafanya Waaborijini waupokee wimbo huo kama wao, maana unamalizikia kwenye marejeo.

Mwaka 1988, Australia ilipoadhimisha miaka 200 tangu merikebu za Waingereza zitie nanga Sydney, maelfu ya Waaborijini walikusanyika katika jiji hilo kuipinga sherehe hiyo, naye akauimba wimbo wake miongoni mwao. Mwaka uliofuata mwimbaji maarufu Paul Kelly alimwalika afungue onyesho lake katika ukumbi ambao leo unaitwa Hamer Hall, hapo kando ya mto Yarra ambapo wengi wetu tunapita na tramu. Aliimba nyimbo mbili, wa pili ukiwa huu. Alipomaliza, ukumbi ulinyamaza. Archie alidhani ameshindwa, akageuka aondoke jukwaani. Ndipo makofi yakaanza, mtu mmoja hapa, mwingine kule, kisha yakaongezeka kama mvua inayoanza juu ya bati.

Kelly na mpiga gitaa wake Steve Connolly walitaka kumrekodia albamu. Archie alisita, hakuwa mtu wa kupenda kujionyesha. Ruby alimkumbusha kwamba jambo hilo halikuwa lake peke yake, na akamuuliza ni Waaborijini wangapi wanaopata nafasi ya kurekodi albamu. Albamu hiyo, “Charcoal Lane”, ilitoka mwaka 1990, ikabeba jina la kichochoro cha Fitzroy, kitongoji cha hapa Melbourne, ambako yeye na wenzake walikuwa wakikaa na kunywa. Ilipata tuzo mbili za ARIA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Australia, mwaka 1991, na wimbo wenyewe ukapewa tuzo ya haki za binadamu. Ni vyema ikumbukwe kwamba hayo yalitokea miaka kadhaa kabla ya ripoti ya mwaka 1997, na takriban miaka 17 kabla ya Waziri Mkuu Kevin Rudd kuomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Wananchi wengi wa nchi hii walipata habari ya Vizazi Vilivyoibwa kwa mara ya kwanza kutoka redioni, kwa sauti yake nzito na tulivu, na si kutoka katika vitabu vya shule.

Katika albamu hiyo umo pia wimbo wa “Down City Streets” uliotungwa na Ruby, kuhusu maisha ya mitaani waliyoyaishi wote wawili. Mwaka 1994 Ruby alitoa albamu yake mwenyewe, “Thoughts Within”. Mabinti wa darasa letu walilalamika, na tunadhani kwa haki, kwamba anatajwa mno kama mke wa fulani.

Albamu nyingine za Archie zilifuata kwa miaka mingi, na alisafiri nchi za nje akiimba pamoja na wasanii wakubwa kama Tracy Chapman na Billy Bragg. Hizo tunazipita haraka, kwa sababu mtihani wake mkubwa zaidi wa utu uzima ulikuja mwaka 2010. Mwezi wa Februari Ruby alifariki ghafla, akiwa na miaka 54. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Archie akapata kiharusi, na mwaka uliofuata akagundulika kuwa na saratani, akaondolewa sehemu ya pafu. Ilimbidi ajifunze upya kupiga gitaa. Mwaka 2012 alitoa “Into the Bloodstream”, albamu yenye kwaya nyuma yake, na yeyote anayeisikiliza bila kuambiwa hatadhani kwamba mwimbaji alikuwa amepungukiwa pumzi na kufiwa na mwenzi wake. Mwaka 2014 alianzisha wakfu wa kuwasaidia vijana wa wenyeji wa asili kupitia sanaa, wakiwemo walio katika magereza ya watoto, ambako alikuwa akienda mwenyewe kuketi nao na kuimba.

Mwaka 2020, “Charcoal Lane” ilipotimiza miaka 30 na ugonjwa wa korona ukiwa umefunga kumbi zote, alizirekodi upya nyimbo zake za mwanzo kwenye meza ya jikoni nyumbani kwake. Mwezi wa Novemba mwaka huo aliingizwa katika orodha ya heshima ya ARIA. Hakwenda Sydney. Aliuimba wimbo wake akiwa Warrnambool, ameketi, mrija wa oksijeni puani, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka Framlingham alikochukuliwa. Alifariki katika mji huo huo tarehe 30 Julai 2022, akiwa na miaka 66. Katika jamii nyingi za Kiaborijini jina la marehemu halitajwi wala picha yake haionyeshwi, lakini familia yake ilitoa ruhusa vitumike ili nyimbo ziendelee kufanya kazi. Ni kwa ruhusa hiyo tunalitaja jina lake leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndani ya ukumbi huu wapo waliotenganishwa na ndugu zao kwa vita, katika safari za usiku na katika kambi, na wengine hadi leo hawajui ndugu hao waliko. Hatudai kwamba mambo haya ni sawa. Sisi tulitawanywa na watu waliovunja sheria, naye alichukuliwa na sheria yenyewe, katika nchi ya babu zake. Hata hivyo, ile barua ya dada iliposomwa darasani, wazee wawili walitoka nje kwa muda, na vijana walielewa bila kuelezwa.

Kutokana na kazi hii tuna maombi mawili. La kwanza ni magitaa, hata yaliyokwisha kutumika, kwa sababu vijana wanaotaka kujifunza ni wengi na gitaa tulilo nalo ni moja, tena la kuazima. La pili ni msaada wako katika safari ya kwenda Warrnambool, takriban kilomita 260 kutoka hapa. Basi la kukodi linatuzidi uwezo. Na kabla ya basi tunahitaji zaidi neno lako kwa wazee wa Framlingham, kwa kuwa unafahamika kwao, utuombee idhini. Wakikubali tutafika, wakisema hapana, tutaishia mjini Warrnambool.

Vijana sasa wako tayari kuimba wimbo walioutunga wenyewe kwa Kiswahili kuhusu barua hiyo.

Tunaomba kuwasilisha.