Kwa yule mama wa KEFRI Kitui

Mama wa koti la kijani, jina lako sikuuliza, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuja pale kituo cha KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu Kenya), Kitui, nikilalamika kwamba mukau wangu, ule mti wa mbao, hauoti. Misimu miwili nilikuwa nikifukia kokwa nzima nzima kama mahindi! Hukunicheka (haya, kidogo tu, nilikuona). Ulichukua kisu, ukapasua kokwa, ukatoa mbegu bila kuiumiza, ukaikata ncha. “Iloweke usiku kucha, asubuhi uchane ganda kwa wembe, uiatike kwenye mchanga.” Ukarudia mpaka mkono wangu ukazoea.

Sasa kitaluni nina miche 41. Mume wangu ameshaanza kuhesabu mbao. Asante sana, mama. Nikija tena nitakuletea maembe.