Barua ya wazi kwa vyama vya kufa na kuzikana, Pangani na Bweni

Assalaam aleykum, wanangu. Nanyi msio Waislamu, amani iwe kwenu.

Ninyi ndio mnaojua sanda iko kwa nani, nani anachimba, nani anapika, nani anapita kukusanya mchango. Semina za maafa huja na posho zake na kuondoka, chama chenu kinabaki. Ndiyo maana nasema mpango wa mafuriko na kimbunga uwekwe humo humo. Kamati ya maafa ya kijiji au mtaa ipo kisheria, nanyi mfanye nayo kazi, lakini msiunde kikundi kipya. Mtu aliyepotelewa hatulizwi na mgeni mwenye fulana ya nembo. Hutulizwa na jirani anayemjua kwa jina na mwenye kazi ya kumpa.

Kwanza Mto Pangani. Mafuriko ya huku hayahitaji mvua ya huku. Maji ya Kilimanjaro na Meru hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaungana na Mkomazi na Lwengera huko Korogwe, ndipo yakatufikia. Yakikuta bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari imejaa mdomoni na mto hauna pa kumwaga. Mwenye zamu ya ufuatiliaji asitazame mawingu ya Pangani peke yake. Awe na namba ya mtu wa Korogwe na ya mtu wa Hale, na ajue mwezi mwandamo na mwezi mpevu vinaangukia lini katika masika na vuli. Matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa yana ngazi: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Chungwa ikitoka, wazee, wajawazito na wasioweza kukimbia wahame mchana kungali kweupe. Na anayesema vimbunga ni vya Msumbiji tu, mkumbusheni Bagamoyo na Unguja mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Hidaya Mei 2024.

Habari itoke kwa watu wawili tu, mmoja Pangani mjini na mmoja Bweni, kwa sababu siku mto usipovukika kila upande utajitegemea. Watoe taarifa kwa saa maalumu, tuseme asubuhi, baada ya alasiri na baada ya isha, hata kama hakuna jipya. Kusema "hakuna jipya" ni habari. Kimya ndicho kinachozaa uvumi kwenye makundi ya simu, na uvumi wa wimbi kubwa usiku wa manane unaweza kuvunja watu miguu bila tone la maji kuingia nyumbani.

Kisha daftari. Kila nyumba kumi ziwe na watu wawili, mwanamke na mwanamume, wenye orodha ya nani yumo, nani anahitaji kubebwa, na nani anatumia dawa za kila siku. Andikeni "dawa" basi, msiandike ugonjwa, maana daftari hupotea na siri za watu zikatembea. Mwenye dawa aombe kliniki, kabla ya masika, akiba ya wiki mbili, aifunge kwenye mfuko usiopitisha maji na kuitundika juu. Hili wengi hulipuuza. Dawa ya kifafa ikikatika ghafla, kifafa huweza kupiga mfululizo bila mtu kuzinduka, na hilo huua. Aliyetulia miaka mingi kwa dawa za akili naye anaweza kurudiwa katikati ya kambi, watu wakasema ni mashetani ya mafuriko.

Sasa maziko, ambako mtashangaa nikisema wajuzi wa kuzika ndio hukosea. Maafa yakitokea, watu huharakisha kuzika kwa hofu ya tauni. Maiti ya aliyekufa maji au kuangukiwa na ukuta haianzishi mlipuko wa maradhi. Aliyekufa kwa kipindupindu ni suala jingine, huyo waachieni watu wa afya. Kwa wengine glavu na sabuni zinatosha. Kwa hiyo msikubali shimo moja la watu wengi. Polisi na daktari wakishaona, kila maiti ipewe namba, ipigwe picha ya uso, nguo, pete, makovu na meno, paandikwe ilipookotwa, kisha izikwe kaburi lake lenye namba ile ile. Msimkabidhi mtu maiti kwa kutazama uso pekee, kwani maji huubadilisha uso kwa siku mbili tatu, na familia mbili huishia kugombania kaburi moja.

Nasisitiza hili kwa sababu msiba usio na kaburi hauishi. Mke wa mvuvi ambaye hakuonekana hajui kama akae eda au aendelee kungoja, na kila mtu barazani ana fatwa yake. Mpelekeni kwa shekhe au kadhi mmoja anayemwamini, asikilizwe, kisha wengine mnyamaze. Msimlazimishe kusema amekufa, wala msimpe matumaini mnayoyatunga.

Siku za mwanzo kazi ni tatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Tazameni nani ameumia, nani anatetemeka, mtoto gani yuko peke yake. Mtoto huyo asikabidhiwe kwa yeyote ambaye jina lake halimo katika daftari. Sikilizeni anayetaka kusema. Asiyetaka, mwacheni. Kuwakusanya watu duara moja na kumtaka kila mmoja asimulie alivyoona maji ni desturi mbaya iliyoletwa kwa nia njema. Shirika la Afya Duniani halishauri. Semeni "pole", kaeni naye. "Jikaze, wewe mwanamume" na "shukuru, wengine wamekufa" ziwekeni mbali. Kuunganisha ni kumfikisha kwa nduguye, kwenye simu yenye chaji, kwenye maji. Kambini kila mtu apate walau lita 15 kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, na taa njiani kuelekea chooni. Mwanamke anayeogopa njia ile halali, na asiyelala hapati nafuu. Wanaoishi kambini wapewe kazi, wasikae kama wageni. Watoto wawe na saa za masomo na saa za rede, wazee wapate bao lao.

Dawa za usingizi za kugawiwa mkononi hapana, na gongo hapana.

Wengi hupona hivyo hivyo, bila daktari. Tatizo huja baada ya arobaini, wageni wakishaondoka. Wale wawili wa nyumba kumi wapite tena miezi mitatu baada ya maafa, na tena mvua za kwanza za msimu unaofuata zikianza kupiga bati. Ambaye baada ya mwezi mzima halali, hafanyi kazi, au anakunywa kuliko zamani, asindikizwe zahanati, na ikibidi hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Lutindi huko Korogwe nako wanatibu akili tangu zamani. Anayesema heri afe aulizwe waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, na sumu ya panya na dawa za shamba zitoke nyumbani siku hiyo hiyo.

La mwisho ni madeni, maana nyumba ikibomoka marejesho ya VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, hayabomoki. Pitisheni sasa, kukiwa kukavu, kwamba wilaya ikitangaza maafa marejesho husimama miezi 3 bila faini, na mfuko wa jamii unatoa kiasi kile kile kwa kila kaya bila kuulizana nani kapoteza zaidi. Sanduku la kikundi lenye funguo tatu haliogelei: kila kikao pigeni picha kurasa za daftari, mtumieni mwanachama anayekaa juu, Muheza au Tanga mjini. Na kiongozi ambaye nyumba yake imekwenda asiongoze wiki ile. Makamu ashike, yeye akae upande wa wanaopewa pole.

Mzee wenu,
Pangani