Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: huyo tajiri unayemtafuta ni nani?

Mheshimiwa Waziri,

Sitaji jina lako wala nchi yako, maana barua hii inamfaa waziri yeyote wa fedha aliyekaa sasa hivi na rasimu ya bajeti mezani, anatafuta tarakimu ya kuandika kabla ya maneno "na kuendelea", yaani mapato ambayo mtu akiyafikia anahesabiwa tajiri na kuongezewa kodi. Kazi yangu ni kuandaa mishahara. Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayekata kodi unayoipanga wewe, na makato yakiongezeka ni mlango wangu unaogongwa, si wako.

Sipingi wenye nacho kuongezewa kodi, naunga mkono. Ugomvi wangu ni namna mnavyomtafuta huyo mwenye nacho. Mnabishana wiki nzima juu ya kiasi, halafu swali la kiasi hicho ni cha nani, cha muda gani na kimetoka wapi linapitishwa jioni ya mwisho watu wakiwa wamechoka.

Tazama Marekani. Mwaka 2008 Barack Obama aligombea urais akiahidi kwamba familia yenye mapato ya chini ya dola 250,000 kwa mwaka haitaongezewa kodi. Sheria iliyopitishwa Januari 2013 ikapandisha kiwango cha juu kuanzia dola 400,000 kwa asiye na ndoa na 450,000 kwa mke na mume. Joe Biden naye akaja na ahadi ya kutomgusa aliye chini ya 400,000. Sidhani kama kuna aliyegundua kwamba utajiri wenyewe ulihama kutoka pale ukaenda huku. Nionavyo mimi, mpaka ulisogezwa hadi wanaokasirika wakabaki wachache wa kutosha. Ni binadamu tu: muulize mtu yeyote tajiri anaanzia wapi, atakutajia kiasi kilichozidi chake kidogo.

Mwaka jana mfanyakazi mmoja alinijia na barua yake ya kupandishwa mshahara, kaikunja mara nne, akaniomba nisiiingize kwenye mfumo. Alikuwa amesikia kwamba ukivuka mpaka, mshahara wote unakatwa kwa kiwango kipya. Nikachukua kalamu. Tuseme mpaka ni 1,000. Chini yake unakatwa asilimia 30, juu yake 35. (Madaraja ya chini niliyaacha, yangemchanganya.) Ulikuwa ukipata 990, kodi 297, unabaki na 693. Sasa utapata 1,020. Yeye alikuwa amepiga asilimia 35 ya zote, ikaja kodi 357, akajiona anabaki na 663, yaani kapandishwa cheo ili apoteze 30. Nikamwonyesha kwamba 35 inazigusa zile 20 za juu peke yake: kodi 300 mpaka kwenye mpaka, 7 juu yake, jumla 307. Unabaki na 713. Alirudia hesabu hiyo mwenyewe mara mbili, kwa simu yake, kabla ya kuikunjua ile barua.

Huyo alikuwa na elimu nzuri tu. Kwa hiyo ukisimama bungeni ukasema "wanaopata zaidi ya kiasi fulani watalipa asilimia fulani" na ukaishia hapo, ujue umewatuma watu wa namna yake ofisini kwangu kwa makumi.

Na si kila mara wanakuwa wamekosea. Uingereza, mtu akivuka pauni 100,000 kwa mwaka, kila pauni 2 za ziada zinamnyang'anya pauni 1 ya mapato yasiyotozwa kodi, mpaka msamaha wote uishe kwenye pauni 125,140. Ndani ya kipande hicho, kila pauni anayoongeza inaondoka na peni 60 za kodi ya mapato. Anayepata zaidi ya hapo anakatwa 45. Wa katikati anaumia kuliko wa juu, na hakuna waziri aliyesimama kutangaza kiwango cha asilimia 60.

Hukohuko, mwaka 2013 walianza kuwadai walioonekana kuwa na uwezo wairudishe serikalini posho ya watoto. Mzazi mmoja akipata zaidi ya pauni 50,000, posho ilianza kuliwa; akifika 60,000, imekwisha yote. Sasa chukua nyumba ya jirani, baba 49,000 na mama 49,000. Jumla 98,000, na posho yao iko palepale. Yenye mshahara mmoja wa 60,000 ndiyo ikahesabiwa ya kitajiri. Ilichukua hadi mwaka 2024 mpaka huo kupandishwa hata ukaanzia 60,000, na kipimo kikabaki cha mtu mmojammoja.

Wafaransa waliumwa na swali hilohilo la mtu au kaya. Kodi ya asilimia 75 ya François Hollande, rais wao wa wakati huo, kwa mapato ya juu ya euro milioni 1 iliangushwa na Baraza la Katiba Desemba 2012, kwa kuwa ilimpima mtu peke yake wakati kodi yao ya mapato inapimwa kwa kaya.

Kisha kuna bei. Mwanzoni mwa 1969 bunge la Marekani liliambiwa kwamba watu 155 wenye mapato ya zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka hawakulipa hata senti ya kodi ya mapato ya serikali kuu. Watu wakawaka, ikatungwa kodi ya kima cha chini ili hao 155 wasiponyoke tena. Ila mpaka wa wavu huo haukufungwa kwenye mfumuko wa bei, yaani haukupanda bei zilipopanda. Mishahara ikapanda na bei, wavu ukabaki ulipo, na miaka ilivyokwenda ukawa unanasa familia za kawaida kwa mamilioni. Kila mara bunge lilipitisha kiraka cha muda, hadi ile sheria ya Januari 2013 ilipofunga mpaka huo na bei moja kwa moja. Miaka zaidi ya arobaini, Mheshimiwa, kwa sentensi moja iliyosahaulika.

Nirudi kwenye neno lenyewe. Tajiri kwa asili ni mfanyabiashara, mwenye mali, na mpaka leo dereva humwita mwenye gari "tajiri wangu". Hamwiti hivyo kwa sababu ya mshahara wake. Steve Jobs, mwanzilishi mwenza na mkuu wa kampuni ya Apple, alilipwa nayo mshahara wa dola 1 kwa mwaka kwa miaka mingi. Angepita kwenye orodha yangu, ningemweka chini ya mfagizi. Mali ya watu kama hao iko kwenye hisa, ardhi na majengo, inakua kimya bila hati ya mshahara, na mwenyewe akitaka fedha anaikopea benki. Ukiweka mpaka wako kwenye mshahara pekee, utamkuta daktari wa zamu za usiku. Tajiri wa dereva hutamkuta.

Kwa hiyo tarakimu utakayoichagua nitaikata bila kinyongo, iwe kubwa au ndogo, mradi sheria yenyewe iseme inahesabu mtu au kaya, ipande na bei bila kungoja kiraka, na iweke gawio la hisa, mapato ya kupangisha nyumba na faida ya kuuza hisa kwenye kapu moja na mshahara. Aliyeuza shamba mara moja katika maisha yake apewe nafasi ya kuigawa faida hiyo kwa miaka kadhaa. Si tajiri, ameuza shamba.

La mwisho ni la ubinafsi. Mabadiliko yakianza tarehe 1, tuletewe jedwali kabla. Safari iliyopita lilitufikia mishahara imeshalipwa, nikakata ya miezi miwili kwa mpigo, na siku ile nilikula chakula cha mchana mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo.

Wako,
Mwandaa mishahara