Wahusika wadogo wa Ulysses si mapambo

Ndugu Mhariri,

Mchambuzi wenu wa toleo lililopita amewashauri wanaotaka kuisoma Ulysses ya James Joyce wajifunze kwanza historia ya Ireland, kisha wawapite haraka wahusika wadogo kwa kuwa ni mapambo tu. Sisi tunaofundisha riwaya hiyo tunaona kinyume. Historia imo vinywani mwa hao wadogo, tena imo imekosewa, na makosa yao ndiyo ya kusomwa.

Mchukueni Bwana Deasy, mwalimu mkuu wa sura ya pili. Anajigamba kuwa ni mzao wa Sir John Blackwood aliyepigia kura Muungano wa Ireland na Uingereza. Blackwood aliupinga muungano huo. Kisha anawalaumu mke wa MacMurrough na hawara yake O'Rourke (hao wawili walikuwa watawala wa Ireland wa karne ya 12) kwa kuwaleta wageni nchini. Amewageuza: Dervorgilla alikuwa mke wa O'Rourke, MacMurrough ndiye aliyemchukua mwaka 1152, na ndiye aliyeomba msaada wa Wanormani, wapiganaji kutoka Uingereza walioanza kutua 1169. Anamalizia kwa kudai Ireland haijapata kuwatesa Wayahudi kwa sababu haikuwaruhusu kuingia. Siku ambayo riwaya inatukia, mjini Dublin, ni Juni 16, 1904. Tangu Januari mwaka huohuo, Wayahudi wa Limerick walikuwa wakisusiwa biashara zao kwa uchochezi wa padri John Creagh, na Bloom, mhusika mkuu, ni mtoto wa Myahudi. Deasy ni mtetezi wa utawala wa Kiingereza, na historia anayoisimulia ameikata ikamtosha mwenyewe. (Naye pia ni mwandishi wa barua kwa mhariri, yake ikihusu ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Tumeliona hilo.)

Mlinganisheni na bibi muuza maziwa wa sura ya kwanza, ambaye hata jina hakupewa. Haines, Mwingereza, anamsemesha Kiayalandi. Bibi anamuuliza kama hicho ni Kifaransa. Nyuma ya swali hilo pana Njaa Kuu ya Ireland iliyoanza 1845, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine wengi, hasa kutoka maeneo yaliyozungumza Kiayalandi. Kisha anapiga hesabu kwa mdomo: asubuhi 7, painti moja kwa peni 2, ni peni 14, asubuhi 3, painti mbili kwa peni 4, ni peni 12. Jumla peni 26, yaani shilingi 2 na peni 2, kwani shilingi ya wakati huo ilikuwa peni 12. Mulligan, mmoja wa wateja wake, anampa sarafu ya shilingi 2. Bibi hakukosea hata peni moja, na bado anaondoka akidai peni mbili.

Penye makosa mengi zaidi ni habari za Invincibles, kundi la siri la wapinzani wa utawala wa Kiingereza lililowaua Lord Frederick Cavendish na Thomas Burke, maofisa wakuu wa utawala huo, kwa visu vya upasuaji katika Phoenix Park, Dublin, Mei 6, 1882. Myles Crawford, mhariri wa gazeti ndani ya riwaya, anasema ilikuwa 1881. Bloom naye, akiwa kanisani, anatafuta jina la Carey aliyewasaliti wenzake: Peter, hapana, huyo ni Peter Claver, basi Denis. (Claver huyo ni Mtakatifu Petro Klaveri, ambaye Wakatoliki wa huku wanamjua.) Jina sahihi ni James. Aligeuka shahidi wa serikali, na wenzake watano wakanyongwa 1883. Imepita miaka 22 tu, na mji mzima umeshaanza kuchanganya.

Kwa anayeanza, tunashauri hivi. Soma sura nzima bila maelezo ya mhariri, penseli mkononi. Kila mwaka au jina la mtu wa kihistoria likitajwa, andika pembeni nani amelisema na ana maslahi gani. Hapo ndipo ufungue maelezo. Ukianza na maelezo, yatakusahihishia kabla hujamsikia mtu akikosea, na utadhani aliyekosea ni Joyce. Kosa jingine la kawaida ni kuchanganya miaka. Kitabu kilitoka Paris Februari 2, 1922, miezi miwili baada ya mkataba kati ya Ireland na Uingereza kutiwa saini. Mwandishi anayajua Maasi ya Pasaka ya 1916, ya kuupinga utawala wa Kiingereza mjini Dublin. Wahusika wake wa 1904 hawayajui, na mzaha wao kuhusu uhuru usomwe hivyo.

Mwisho, makala yenu ilimhesabu James Fitzharris, maarufu kama Skin-the-Goat, miongoni mwa Invincibles walionyongwa. Hakunyongwa. Dereva huyo wa gari la farasi aliondolewa hatia ya mauaji, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwasaidia wauaji, akaachiwa 1899. Ndiyo maana katika sura ya 16 watu wanaweza kunong'ona kwamba mwenye kibanda cha kahawa karibu na Butt Bridge ndiye yeye, na riwaya ikakataa kuthibitisha.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam