Kabla hujatafuta ukumbi: barua kwa mpwa wangu

Mpwa wangu,

Nimeupata ujumbe wako. Mnataka kuanzisha kikundi cha maigizo, kinachowakwamisha ni ukumbi, na unaomba mchango. Nitatoa. Ila kwanza msikilize shangazi yako.

Sisi tulipoanzisha chetu, kitu cha kwanza tulichotengeneza ni muhuri. Wa duara, wino wa zambarau. Tukachagua mwenyekiti, katibu, na mweka hazina wa sanduku tupu. Mchezo hatukuwa nao. Mwaka haukuisha tukasambaratika. Muhuri ningali nao, watoto huuchezea posta.

Sasa watazame watu wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, Kenya. Mwaka 1976 mama mmoja wa kijijini alimwendea mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake, akamuuliza mbona elimu yote ile hawapi wenzake kidogo. Akarudi, akarudi tena, mpaka akasikika. Kijiji kilikuwa na kiwanja na nyumba ya udongo iliyochakaa, basi. Jukwaa lilibuniwa na vijana wakiongozwa na tarishi wa ofisini: walipanga njiti za kiberiti chini, wakazisogeza huku na huku mpaka wakaridhika, ndipo wakajenga mfano mdogo, kisha jukwaa lenyewe. Halikuwa na paa (na baridi ya Limuru unaijua!), lakini watu zaidi ya 2,000 walipata pa kukaa.

Kilichonivutia zaidi ni mazoezi. Yalifanywa peupe. Mpita njia alisimama, akatazama, akatia neno. Wazee waliwasahihisha waandishi: mzee haongei hivyo, methali hiyo haitumiki hapo. Vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa kiwandani walieleza wenyewe mshahara unavyokatwa na unavyoisha. Mchezo, Ngaahika Ndeenda (kwa Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda), ulioandikwa na Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulipofunguliwa Oktoba 2, 1977, wengi waliokuja walikuwa wameuona ukikua.

Novemba 16 leseni ya kuuonyesha ikafutwa. Mwaka ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini, na 1982 jukwaa likabomolewa. Hayo ya leseni tutayaongea ana kwa ana, si hapa.

Niambie tu Jumamosi mnafanyia wapi mazoezi. Kama hamna mahali, ule uwanja nyuma ya soko jioni huwa mtupu, na akina mama wa mboga hawakosi la kusema. Nitakuja na kigoda changu. Mchango nitauleta mkononi, na ole wenu nikute mmeshachonga muhuri.

Shangazi yako