Dadu Ikikataa: Kanuni ya Kurudia Kwenye Meza Zetu

Wateja wanaokuja jioni kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa hadithi ambapo dadu huamua kama jaribio limefaulu, hutuuliza jambo hili mara kwa mara: mhusika wangu amejaribu kufungua kufuli, dadu imekataa, je, naruhusiwa kurusha tena?

Kwetu, matokeo ya kwanza hubaki mpaka hali ibadilike. Wapo wanaoona tumekaza mno, kwa hiyo tuangalie hesabu. Kufuli linataka upate 15 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Nafasi yako ni asilimia 30. Ukirusha mara mbili inafika 51, mara tatu karibu 66, mara tano 83. Ugumu aliopanga msimamizi, yule anayeongoza hadithi, umeyeyuka, na wenzako wamekaa kukutazama ukirusha. Tena si wewe tu: mwenzako akisema "hebu nijaribu mimi", hiyo nayo ni kurudia, mkono tu ndio umebadilika. Akitaka kukusaidia, aseme mapema, nawe urushe dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Toleo la tano la mchezo linaruhusu hivyo, na ile asilimia 30 inapanda hadi 51 kihalali.

Hali kubadilika maana yake ni kitu cha kweli ndani ya hadithi. Umepata zana bora, umemkamata mlinzi aliyeiona funguo, au umeacha kufuli na kuamua kuvunja bawaba. Hapo rusha, hakuna atakayekuzuia.

Kuna njia nyingine tunayoipenda sana, nayo tumeiazima kwenye Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa aina hii, wa hadithi za kutisha. Mchezaji aliyeshindwa anaweza kusukuma bahati yake, yaani kurusha tena, mara moja, ila aeleze anafanya nini zaidi ya mwanzo, na ajue kwamba akishindwa tena mambo yatakuwa mabaya kuliko kushindwa kwa kawaida. Zana inakatikia ndani ya kufuli, walinzi wanasikia. Meza nzima hunyamaza dadu ikizunguka, na hiyo ndiyo raha tunayotaka muipate. Kwenye mapigano haturuhusu.

Kama hakuna hatari wala haraka, msirushe kabisa. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, lilimruhusu mchezaji kuhesabu kwamba amepata 20, mradi atumie muda wa majaribio 20. Sisi bado tunaifuata, kwa sababu muda nao ni gharama: mienge inaisha, adui anakaribia.

Vipaji vya mhusika haviguswi na kanuni hii. Ukicheza halfling, mhusika wa jamii ya watu wafupi wenye bahati, ile haki ya kurudia ukipata 1 ni yako. Dadu iliyoanguka sakafuni inarushwa upya, bila mjadala.

Kundi lililokodi meza peke yake linaweza kupanga vingine. Tunachoomba ni mumwambie msimamizi kabla mchezo haujaanza, ili kila mmoja atengeneze mhusika wake akijua.