Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Wamiliki wa Maduka ya Dawa Muhimu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka huu. Vikao vya kamati vilikaliwa, semina ya watoa dawa ilifanyika na wafiwa walipelekewa rambirambi. Hayo mnayajua.

Niingie kwenye suala la dawa zilizokamatwa, ambalo limesemwa zaidi vibarazani kuliko kikaoni. Ukaguzi uligusa maduka tisa ya wanachama wetu. Wenzetu wakataka Umoja utoe shilingi milioni 3 na laki 4 za mfuko wa dharura, kuweka wakili ili mali irudi. Kamati ilikataa, na aliyeshikilia msimamo huo ni mimi. Tangu siku hiyo naitwa msaliti, hata kwenye kundi letu la WhatsApp.

Nilikuwepo maboksi yalipofunguliwa na kuorodheshwa, namba za toleo zikisomwa moja baada ya nyingine. Zilitoka sindano za antibiotiki ambazo duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuuza. Vikatoka vidonge vilivyokwisha muda. Kisha yakatoka maboksi yaliyokwanguliwa kwa wembe pale penye alama ya GOT, yaani mali ya Serikali ya Tanzania, na ndani yake pakti za vidonge bado zina alama hiyohiyo. Dawa ya Serikali, ya mgonjwa wa zahanati, tukaitetee mahakamani kwa ada za wanachama? Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, inampa mkaguzi mamlaka ya kuingia, kukagua na kushikilia mali. Mahakama ikimtia mtu hatiani, inaweza kuamuru mali hiyo itaifishwe, na adhabu nyingine ikabaki palepale. Wala sheria hii si ngeni. Ni ileile ya mwaka 2003 tuliyokuwa nayo enzi za TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, kabla chakula na vipodozi havijahamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019 na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kubaki na dawa na vifaa tiba.

Nimeambiwa mali ni jasho la mtu. Ni kweli, na nimewaona wenzetu wakilia. Lakini maduka ya dawa muhimu yalipoanzishwa Ruvuma mwaka 2003, shabaha ilikuwa mwananchi wa kijijini apate dawa salama karibu na kwake. Tukionekana tunawalinda wenye dawa zilizokwanguliwa, hata wale wanaofuata taratibu wataonekana wezi.

Pale palipokuwa na haki nilipigania. Mwanachama mmoja alikuwa na risiti za duka la jumla lenye kibali kwa dawa mseto za malaria na dawa za minyoo zilizochukuliwa. Nilifuatilia mwenyewe, kwa nauli yangu, hadi akarudishiwa katoni zake. Waliobaki hawakuwa na karatasi yoyote. Gharama za kuteketeza dawa zilizokamatwa ni za mwenye mali, lakini kwa ubinadamu Umoja ulichangia laki 6 za lori. Hizo ndizo fedha pekee zilizotoka katika suala hili, na baadhi ya waliopinga kuwekwa wakili walipinga na lori pia.

Nasikitika kuhusu ada. Kati ya wanachama 64 wamelipa 23 tu. Tunadai shilingi 1,640,000. Katika wale tisa, sita hawajalipa kwa miaka miwili. Mkutano mkuu umeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, na wengi wanaonilaumu sikuwaona ukumbini mara zote mbili.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuwa na semina nyingine ya utunzaji wa kumbukumbu, na hali ikiruhusu tupate ofisi yetu. Kwa sasa kila mmoja atunze risiti za manunuzi dukani, si nyumbani.

Leja na stakabadhi zote ziko kwa mweka hazina. Mwenye shaka na matumizi aende akazisome kabla ya uchaguzi.

Mwenyekiti